Sebule, Vuli na Mahaba: Uhakiki wa Lugha ya Upambaji wa Nyumba

Kwa muda sasa yamekuwa yakitufikia maandishi mengi ya Kiswahili yanayowafundisha watu namna ya kupamba nyumba zao na kuishi humo kwa umaridadi mwaka mzima. Mengine ni safu za magazeti, mengine ni vijitabu, mengine ni maelezo yanayoandamana na bidhaa, na mengine ni mihtasari ya mafunzo ya ufundi. Yaliyo mengi yametafsiriwa kutoka Kiingereza, au yametungwa na mtu aliyekuwa akifikiri kwa Kiingereza. Hatuna neno juu ya mapambo yenyewe. Kila mwenye nyumba ana haki ya kuchagua rangi ya ukuta wake. Tunachohakiki hapa ni lugha, maana lugha hii imeanza kuingia katika zabuni, katika mikataba ya ujenzi na katika madarasa, na huko neno lisilo na maana moja huleta hasara.

Tumeona vema kuipima lugha hiyo mahali pamoja, nako ni Nyakato, kata ya Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza. Kandokando ya barabara iendayo Musoma maseremala hutengeneza vitanda na makochi hadharani. Fundi wa kuvika makochi vitambaa hukaa jirani nao, na mshonaji wa mapazia hayuko mbali. Atakaye kujua Kiswahili cha nyumba kilivyo leo hahitaji kuanza na kamusi. Na aulize bei.

Tuanze na jina la fani. Wafasiri wengi hupenda kuandika “ubunifu wa mambo ya ndani”, na anayeshughulika nayo humwita “mbunifu wa mambo ya ndani”. Kwa mtumishi yeyote wa serikali, Mambo ya Ndani ni wizara: ni polisi, magereza na uhamiaji. Hapana mwananchi wa Nyakato atakayemtafuta mtu mwenye cheo hicho ili amchagulie mapazia. Kosa limetokana na kutafsiri kivumishi cha Kiingereza peke yake, bila kuuliza ni ndani ya nini. Sisi twapendekeza “upambaji nyumba” kwa kazi ya kuchagua na kupanga vitu, na “usanifu wa vyumba” kwa kazi ya kugawa nafasi, mwanga na njia za kupitia, kazi ambayo yakaribiana na ile ya msanifu majengo. Tofauti hiyo si ya kujifurahisha. Chuo Kikuu Ardhi hufundisha fani hii kwa kiwango cha shahada, nacho chahitaji jina lisilomchanganya mwenye shahada na fundi wa kutundika mapambo ya harusi. Mtu wa kazi ya kwanza na awe “mpambaji”. Asiitwe “mpambe”, ingawa mzizi ni mmoja, kwa kuwa mpambe ni yule aliyemwandama bibi harusi, na siku hizi pia ni afisa asimamaye nyuma ya Rais.

Tatizo kubwa zaidi ni neno “mahaba”. Kuna mtindo wa upambaji ulioenea Ulaya na Marekani wa vitambaa vya maua, lesi, samani za mbao zilizopauka, rangi hafifu na mishumaa. Waingereza huupa mtindo huo kivumishi ambacho mfasiri akikitazama haraka huona mapenzi. Hivyo tumepata “sebule ya kimahaba”, “meza ya kimahaba” na hata “jiko la kimahaba”. Hebu msomaji aifikirie sebule ya Nyakato. Hapo ndipo wanapoketi wakwe wanapokuja kujadili mahari. Hapo ndipo mwenyekiti wa mtaa anapokaribishwa. Hapo ndipo watoto wanapofanyia kazi zao za shule. Baba mwenye heshima zake akiambiwa na binti yake kwamba wanataka sebule yao iwe ya kimahaba, atanyamaza kwanza, kisha atauliza ni nani anayekuja. Chumba cha maharusi chaweza kuwa cha kimahaba, wala hapana atakayeona vibaya. Neno limefaa pale kwa sababu kitu chenyewe kipo.

Tena, kile kivumishi cha Kiingereza hakikuanza na mapenzi. Asili yake ni hadithi za kale zilizotungwa katika lugha za kawaida za Ulaya, hadithi za safari, mashujaa na mambo ya ajabu. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 kikawa jina la mkondo wa sanaa uliotukuza hisia, maumbile na ukale. Chumba kinachopambwa kwa mtindo huo hakikusudiwi kuwaambia wageni kwamba waliomo wanapendana. Kinakusudiwa kuamsha kumbukumbu ya nyumba ya bibi, ya shamba, ya wakati uliopita.

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili walikwisha kukutana na tatizo hili, na jibu lao lastahili kuangaliwa. Mkondo ule wa sanaa wameuita “ulimbwende”. Mlimbwende, kama tulivyolipokea neno hilo, ni mtu mtanashati, ajipambaye na kujipenda. Magazeti yetu yakalichukua na kuwapa wasichana washindanao katika mashindano ya urembo. Wapo waliolilaumu neno hili katika fasihi kwa hoja kwamba mshairi aliaye juu ya ziwa na milima hafanani na kijana aliyejitia manukato. Lawama hiyo tunaielewa. Lakini katika upambaji wa nyumba neno hilo limepata bahati isiyo ya kawaida, maana linabeba maana mbili ambazo wafasiri wetu wamekuwa wakizihangaikia kila moja peke yake: ule mkondo wa hisia na ukale, na ule umaridadi wa kujipamba. Kwa hiyo twapendekeza “mtindo wa kilimbwende” uwe jina la mtindo huo unapotajwa kama mtindo, ili mwanafunzi akutane na istilahi moja katika somo la fasihi na katika somo la sanaa. Mahali pengine pote mfasiri na aseme kinachoonekana: mapazia ya maua, kitambaa cha lesi, kabati la kikale. Mteja hanunui mtindo, hununua pazia. Na kuhusu mishumaa tutasema moja tu. Kwa mkazi wa Mwanza aliyezoea kuitafuta gizani umeme unapokatika, mshumaa mezani ni dalili ya shida, na mfasiri anayetaka umpe msomaji utulivu hana budi kueleza zaidi kidogo.

Sasa tuje kwenye majira, na hapa ndipo palipotutia wasiwasi hasa. Maandishi ya asili yamegawa mwaka katika vipindi vinne, na kila kipindi kina mapambo yake: maua mabichi majani yanapochipua, vitambaa vyepesi wakati wa joto, rangi za kahawia na chungwa majani yanapopukutika, mablanketi na moto wakati wa theluji. Wafasiri wetu huvipa vipindi hivyo majina yaliyo karibu. Kile cha tatu, cha majani kupukutika, wengine hukiita “demani” na wengine “vuli”. Kwa Kiswahili cha Tanzania vuli ni mvua ndogo, zinyeshazo kati ya Oktoba na Desemba. Huko Mwanza ndizo zinazofungua mwaka wa mkulima. Ardhi iliyokauka tangu Juni hulainika, majani huota, jembe hutolewa. Msomaji wa Nyakato anapoambiwa apambe meza yake kwa majani makavu “kwa ajili ya vuli”, anaambiwa aweke ishara ya kifo katika wakati wa uhai. Ni sawa na kumwita mchana usiku kwa sababu vyote viwili ni sehemu za siku.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo madogo ya mapambo. Tungekubali, lau neno hilo lingebaki kwenye meza. Lakini mwanafunzi yule yule husoma katika somo la jiografia kwamba vuli ni mvua, kisha katika kitabu cha hadithi kilichotafsiriwa anasoma kwamba wakati wa vuli miti ilibaki mitupu. Akiulizwa katika mtihani vuli ni nini, amwamini nani? Mwalimu naye hana kitu cha kumwonyesha kwenye dirisha la darasa isipokuwa mvua yenyewe. “Demani” nalo lina matatizo yake: ni neno la mabaharia wa pwani kwa kipindi cha mwisho wa upepo wa kusi, na sehemu kubwa ya bara halijulikani kabisa. Kulichukua neno la baharini lisilofahamika na kulibandika kwenye misitu ya Ulaya ni kulipoteza mara mbili. “Kipupwe” lina nafuu kidogo, kwa kuwa kweli ni kipindi cha baridi, ingawa baridi ya pwani ya mwezi Julai haijapata kumgandisha mtu. Twaona ni heri mfasiri aseme kwa urefu “majira ya majani kupukutika”, “majira ya baridi” na kadhalika, hata kama sentensi itarefuka, kuliko kuyaharibu majina ya mvua zetu. Urefu wa maneno si kosa la lugha. Utata ndio kosa.

Yafaa pia kutofautisha “majira” na “msimu”, ambayo katika maandishi haya hutumiwa ovyo. Yote mawili yametujia kwa Kiarabu, na yote mawili yamepitia chomboni. Majira kwa baharia ni mwendo na mwelekeo wa chombo, na hapo yakawa vipindi vya wakati. Msimu ulikuwa wakati maalumu wa pepo za safari, na kutokana na asili hiyo hiyo ya Kiarabu Wazungu walipata jina lao la pepo za Bahari ya Hindi. Katika matumizi ya leo watu wenyewe wameyagawa vizuri bila kusubiri baraza lolote: majira ya mvua, lakini msimu wa pamba, msimu wa maembe, msimu wa harusi. Majira ni ya hali ya hewa. Msimu ni wa shughuli inayorudi. Mfasiri akifuata mgawo huo hatakosea.

Je, Nyakato haina majira ya kupambia nyumba? Inayo, ila si yale. Ziwa Victoria liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nayo Nyakato si mbali kusini mwa Ikweta. Joto la mchana halibadiliki sana kati ya Januari na Julai, na kinachobadilika ni maji na vumbi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mama wa nyumba hupambana na tope mlangoni na mapazia yasiyokauka upesi. Zulia hukunjwa, kirago hutolewa. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, vumbi la barabara hutua juu ya kila kitu, na hapo vile vitambaa vya kroshia vinavyotandikwa juu ya makochi, ambavyo wataalamu wa mitindo huvicheka, huonyesha maana yake: huvuliwa, hufuliwa, hurudishwa, na kochi hubaki safi. Halafu kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wainukao juu ya maji kama nguzo za moshi, hasa karibu na mwezi mwandamo. Wakifika nchi kavu huifuata taa na kujaa kwenye kuta na mapazia. Aliyekwisha kuwafagia asubuhi hahitaji mtaalamu wa kumwambia kwamba pazia la dirisha linaloelekea ziwani lisiwe jeupe. Kisha huja msimu wa sikukuu, ambapo kuta hupakwa rangi upya, na msimu wa harusi. Kijitabu cha upambaji ambacho kingeandikwa kwa kufuata mwaka huo kingenunuliwa, nasi hatujakiona.

Kwa upande wa vitu vyenyewe lugha yetu si maskini kama inavyodhaniwa. Nyumba za mawe za pwani zimetuachia msamiati mpana. “Sebule” lenyewe, ambalo leo ni la kila nyumba kutoka Kigoma hadi Tanga, Waamu walilitamka “sabule”, nalo lilikuwa chumba cha wageni. “Baraza” ni kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, walipoketi watu kuzungumza. Kutoka hapo neno likapanda ngazi hata likawa jina la mawaziri kwa pamoja, na la chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1967 kusimamia lugha hii. Kile kitanda chenye nguzo nne na kitambaa juu, ambacho wafasiri wetu wamekiita “kitanda cha paa” na hata “kitanda cha hema”, Zanzibar kinaitwa kitanda cha besera. Na “chandarua”, kabla halijawa neno la kampeni dhidi ya malaria, lilimaanisha pia kitambaa cha kutandwa juu kama kivuli au pambo. Hivyo mkazi wa kando ya ziwa anayelala ndani ya chandarua kila usiku ana tayari nusu ya kile kitanda cha kilimbwende, tena kwa sababu iliyo bora.

Hata hivyo, hazina hii ya pwani haifai kuchukuliwa yote kwa macho yaliyofumbwa. Wafasiri kadhaa, wakitafuta neno la maisha ya umaridadi, wameandika “maisha ya kiungwana”. Ni neno zuri kwa sikio. Lakini muungwana katika miji ile alikuwa kinyume cha mtumwa, na zile nyumba zenye kuta za vidaka vilivyojaa vyombo vya kaure zilifagiliwa na watu wasiokuwa waungwana. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi alizitazama nyumba za namna hiyo huko Pate zikiwa zimekwisha kuwa magofu ya ndege na popo, na Mwana Kupona binti Mshamu mwaka 1858 alimwachia binti yake utendi unaofundisha, pamoja na mengine, unadhifu wa nyumba na wa mwili. Hizo ni kazi za kusomwa na kila anayeandika juu ya makao. Ila mfasiri wa leo anayemwandikia fundi na mwalimu wa Nyakato ana neno lisilo na bwana wala mtumwa ndani yake, nalo ni “umaridadi”. “Unadhifu” lisitumiwe badala yake; nyumba yaweza kuwa nadhifu bila kuwa maridadi, na kinyume chake tumekiona mara nyingi.

Wala pasiwe na mtu wa kudhani kwamba bara walingoja pwani au Ulaya kuwafundisha kupamba ukuta. Wasukuma wa chama cha Bayeye, watu wa nyoka na wa dawa zake, walichora picha kwenye kuta za ndani za nyumba zao za mafunzo, na Hans Cory alitoa kitabu kizima juu ya michoro hiyo mwaka 1953. Ukiifuata barabara ile ile ya Nyakato ukapita Igoma, utafika Kisesa, na hapo pana Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Wakusanyaji wetu wa istilahi wamefika Lamu mara nyingi kuliko Bujora, na jambo hilo laonekana katika orodha zao.

Tumalizie na maneno ya karakana, ambako makosa huwa na bei. Kuna neno moja tu tutakalolikazia: “marumaru”. Katika kamusi ni lile jiwe la thamani lichongwalo na kung’arishwa. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ni kigae chochote cha sakafuni kilichotengenezwa kiwandani, ambacho wengine hukiita tailizi. Tuseme halmashauri imetangaza zabuni ya nyumba ya mtumishi yenye “sakafu ya marumaru”. Mzabuni mmoja akapiga hesabu ya jiwe, mwingine akapiga hesabu ya kigae, na mkaguzi akaja baadaye na kamusi mkononi. Nani mwenye haki? Watu hawatalirudisha neno hilo dukani, hilo tumekwisha kulikubali. Basi nyaraka za serikali ziandike “jiwe la marumaru” kwa lile la kwanza na “vigae vya sakafu” kwa vile vya pili, na neno “marumaru” pekee lisionekane kabisa katika jedwali la gharama. “Vigae vya kuezekea” vitabaki juu ya paa mahali pake. “Dari ya jipsamu” haina ugomvi, nasi twaiidhinisha bila maneno mengi.

Mafundi hao wa jipsamu wana kazi nyingine siku hizi. Hujenga ndani ya ukuta wa sebule sehemu zilizoingia, zenye taa ndogo, za kuwekea vikombe, picha na maua ya plastiki. Wengine huziita “matundu ya ukutani”, wengine “shelfu za ndani”. Kiswahili Sanifu kina “shubaka” kwa uwazi wa namna hiyo usio na urembo, na “kidaka” kwa ule uliopambwa. Tulipomtajia neno hilo fundi mmoja wa Nyakato alilipenda kwa kuwa ni fupi, akaandika palepale kwenye daftari lake la bei: vidaka sita. Akatuuliza kwa nini katika picha ya nyumba ya Lamu aliyowahi kuonyeshwa waliandika “zidaka”. Tulimjibu kwamba ni ngeli ile ile kwa matamshi ya Kiamu, na kwamba kwenye ankara yake aache vi-.